Siku Kumi na Nne za Kuku wa Nekesa

Tulianza na sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda, kwa sababu kila mmoja wetu aliogopa kuanza na nguo. Wiki moja ilikuwa imepita tangu tumzike Senje. Alikuwa dada wa baba yangu, na sisi shangazi wa upande huo ndivyo tunavyomwita. Nekesa ni binti yake wa pekee. Ndani ya sanduku mlikuwa na vitenge viwili visivyowahi kukatwa, Biblia isiyo na jalada, sindano za mashine ya kufuma zilizofungwa kwa mpira, na chini kabisa ukurasa mmoja wa kalenda uliokunjwa mara nne. Nekesa aliukunjua juu ya godoro. Ilikuwa kalenda ya zamani ya duka la vifaa vya ujenzi, mwezi wa tano, rangi imefifia. Siku zilikuwa zimekatwa kwa kalamu, msalaba baada ya msalaba, na mwisho wa misalaba siku moja ilikuwa imezungushiwa duara. Ndani ya duara, kwa ule mwandiko wa Senje wa kubanana, palikuwa na jina. "Hii ni nini?" Nekesa aliniuliza. "Mbona jina yangu iko hapa?" Mimi ni mtu mzima, nina kijana anayenyoa ndevu, lakini nilichoweza kujibu ni, "Wacha nilete chai kwanza." Nikaenda jikoni nikasimama mbele ya sufuria tupu.

Nilijua ni nini. Nilikuwepo misalaba hiyo ikikatwa. Ulikuwa mwaka nilipomaliza kidato cha nne nikaletwa hapa Kiamunyi kwa Senje kungojea nafasi ya chuo, na jikoni ni hapa hapa, isipokuwa wakati huo palikuwa na jiko la makaa na ukuta ulikuwa mweusi mpaka darini. Senje alifuma sweta za shule. Mashine yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, mahali ambapo watu wengine huweka televisheni, na kuanzia asubuhi ilikwenda krr, krr, huku redio ikizungumza peke yake. Wageni walikaa katikati ya mafungu ya mikono na migongo ya sweta, na wakiondoka walikuwa na nyuzi kwenye matako. Kazi yangu ilikuwa kushona vifungo, kupeleka chai, na jioni kufagia vipande vyote vya uzi, ndani na barazani, nivitie kwenye mfuko na kuvichoma. "Hapo kwa kufagia sitaki mchezo," Senje aliniambia siku ya kwanza. "Kuku wanadhani ni minyoo. Nekesa alikuwa anafagia kila jioni, hata akiwa na homa."

Jina la Nekesa lilitajwa hivyo tu, ndani ya habari za kazi. Nililala kwenye kitanda chake, kwenye chumba chake, na ukutani palikuwa bado na picha alizokata magazetini. Yaliyotokea niliyasikia kwa Mama Wambui, jirani wa ua wa pili, ambaye hakuna siri iliyomkalia tumboni mpaka asubuhi. Mwaka uliotangulia Nekesa aliacha chuo cha ualimu bila kumwambia mama yake, akaenda Naivasha kukata waridi kwenye mashamba ya maua. Senje, aliyekuwa amefuma sweta ngapi sijui kwa ajili ya chuo hicho, alizipata habari kutoka kwa watu wengine. Nekesa alipokuja kuchukua nguo zake waligombana mpaka getini, mtaa mzima ukisikiliza. Nekesa alisema harudi tena. Senje akashika geti akapiga kelele: "Siku utarudi na akili, huyo kuku wako ndiye nitakuchinjia! Utamkuta hapa!" Kuku mwenyewe alikuwa pale uani akiparura. Alikuwa wa madoadoa meupe na meusi, aliyelelewa na Nekesa kwenye katoni chini ya kitanda tangu akiwa kifaranga, baada ya wenzake wote kuchukuliwa na mwewe. Watu wa mtaa walicheka, wakasema hasira za mama na mtoto ni moshi tu. Lakini Senje hakuwa mtu wa kusema neno halafu aliache barabarani. Kuanzia siku hiyo kuku huyo alikuwa na mwenyewe. Kuku wengine waliuzwa, wengine wakaliwa Krismasi. Wa Nekesa alibaki, akizeeka, akitaga akijisikia. Kwa Senje yeye ndiye alikuwa msamaha wenyewe, uliokuwa tayari unatembea uani, ukingoja tu mwenye kusamehewa.

Muhula wa pili wa shule ulipokaribia, kazi ilituzidi. Shule moja ya huku Milimani ilikuwa imeagiza sweta za kijani, nyingi kuliko tulivyozoea, na Senje alifuma mpaka vidole vikavimba. Nami nilichoka. Nitalisema lilivyo: sikuchoka sana, nilikuwa mvivu tu, nikampata msichana wa nyumba ya mbele tukawa tunakaa kwenye ukuta wake jioni tukipiga domo. Jioni tatu, labda nne, sikufagia baraza. Nilisukuma nyuzi kwa mguu chini ya benchi nikajiambia nitafagia kesho.

Jumatatu moja kuku wa Nekesa hakuja kula. Alisimama kwenye kona ya ua, manyoya yamefutuka, macho nusu, kama mzee aliyesahauliwa kwenye foleni. Kinyesi chake kilikuwa maji ya kijani. Mama Wambui alimtazama mara moja juu ya ua akatoa hukumu: "Huyo ni ule ugonjwa, ule unamaliza kuku mtaa mzima. Mama Nekesa, chinja leo kabla hajakufa. Akijifia utamtupa, na si dhambi hiyo?" Huo ndio utaratibu wa huku kwetu. Kuku akianza kusinzia, maji hutiwa motoni. Senje aliniambia nisage pilipili na mshubiri, nichanganye na majivu, nimnyweshe kwa kijiko asubuhi na jioni. Nilifanya hivyo siku mbili. Nilimpakata kwenye ngazi ya jikoni, nikamfungua mdomo kwa kidole, akameza dawa kali ya ugonjwa ambao hakuwa nao. Senje aliacha mashine mara kwa mara akaja kusimama mlangoni. "Amekula?" "Bado, Senje." Anarudi. Krr, krr, halafu kimya tena. Sikuwahi kumwona akiacha kazi hivyo kwa ajili ya mtu.

Siku ya tatu asubuhi nilipomshika nilihisi kitu. Ndege akila, chakula hutua kwanza kwenye kifuko kilicho chini ya shingo, na usiku kucha kinashuka tumboni. Asubuhi kifuko hicho huwa kimelegea, hakina kitu. Huyu alikuwa hajala siku tatu, lakini pale pamejaa na pamekaza kama soksi zilizokunjwa pamoja. Pumzi yake ilinuka uchachu wa uji uliosahaulika. Nilimpa kijiko cha mafuta ya kupikia nikamkanda polepole kuelekea juu, kama nilivyoona watu wakifanya, akanyoosha shingo, akapanua mdomo. Nyuma ya ulimi wake, nyembamba, ilionekana rangi ya kijani. Nilidhani ni jani. Nikashika ncha yake kwa kucha nikavuta, nayo ikaja, ikaja, kuku akaanza kukabwa. Ulikuwa uzi.

Hapo nilifahamu yote kwa mara moja. Nilichukua mkasi wa kazi nikaukata uzi pale mdomoni ili usionekane, nikamrudisha kwenye katoni yake nikaenda kumpelekea Senje chai. Alikuwa akifuma mgongo wa sweta ya kijani. "Leo anaonekanaje?" aliniuliza bila kuinua macho. Nikasema, "Afadhali kidogo." Nimeshaona watu wakisema uongo mkubwa zaidi maishani mwangu, hata mimi nimesema, lakini sijui mwingine ulionigharimu zaidi ya huo.

Siku iliyofuata Senje alikwenda mjini kupeleka sweta, nami nikakimbia dukani kwa muuza dawa za mifugo, yule tuliyemwita Dakta, nikamsihi aje. Alikuja na mkoba wake akanawa mikono hapa jikoni. Alimbonyeza kuku mara mbili tu. "Nani alisema ni ule ugonjwa? Huyu amefungana. Tukimwacha mpaka kesho hayuko." Alinyonyoa manyoya machache, akapaka spiriti, nami nikamshika kuku juu ya meza ya kulia nikiwa nimefumba macho. Nilisikia wembe ukipita, kitu kidogo sana, kama kukata karatasi. Nilipofungua macho alikuwa anavuta kwa kibano. Kilitoka kibunda cha uzi wa kijani kilichosokotana na nyasi na mahindi yaliyooza, kinanuka, kikubwa kuliko ngumi ya mtoto. Dakta alikiweka kwenye gazeti akakitazama kwa heshima. "Hii si ni sweta mzima? Imebaki tu kuweka vifungo." Alicheka. Mimi nililia. Alishona kwa ndani na kwa nje, akampiga sindano, akasema atarudi kumpiga nyingine siku mbili zinazofuata. Akaongeza, akiwa tayari mlangoni: "Na msikilize. Hii dawa inakaa kwa mwili. Baada ya sindano ya mwisho, kumi na nne. Siku kumi na nne msile huyu wala mayai yake. Mwambie mama."

Kibunda nilikitupa chooni. Senje aliporudi nilimwambia Dakta alikuja, akapasua, akatoa nyasi kavu. "Nyasi," alisema. Alimwinua kuku, akatazama mshono, akampuliza manyoya taratibu. Sijui kama aliniamini. Aliuliza habari ya dawa, nikamweleza ya siku kumi na nne, na siku ya sindano ya mwisho akachukua kalamu akaenda kwenye kalenda iliyotundikwa karibu na mlango wa jikoni. Kila asubuhi akikata msalaba. Kuku alianza na uji mwepesi, kisha ugali laini, na siku ya tatu alitembea uani akiwa na kiraka cha ngozi kifuani ambacho manyoya ya shingo yalikifunika, akijiona. Senje alimwambia, "Umeona? Haukuwa umemaliza kazi."

Siku ya nne, saa kumi za jioni, Nekesa alifungua geti. Hakuwa ameandika wala kutuma mtu. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa na mikwaruzo ya miiba mpaka kwenye kiwiko. Alisimama barazani na mfuko wa plastiki wa nguo. Mashine ilinyamaza. Senje alitoka akasimama, na wale watu wawili wakatazamana mpaka nikaanza kuona aibu kwa ajili yao. "Umefika," Senje alisema. "Nimefika, mama." "Ingia, kuna baridi." Basi. Senje akaja jikoni, na alipofunga mlango nilimwona akishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kisha akaenda kwenye kalenda, akahesabu kwa kidole mpaka siku ya kumi na nne, akazungusha duara, akaandika jina la mtoto wake ndani.

"Senje, si tumweleze?" nilimwuliza. Aligeuka kama mtu niliyemtukana. "Tumweleze nini? Kwamba tungekuchinjia lakini? Hayo ni maneno ya wachoyo. Mgeni haambiwi chakula ambacho hatakula." Na ni kweli, kwetu ni aibu kubwa, ukimsikia mtu akisema tungekuchinjia lakini, unajua hakuwa na nia. Mama Wambui, ambaye harufu ya mgeni humfikia kabla ya mgeni mwenyewe, alikuja kwa mlango wa nyuma akanong'ona kwamba Senje achukue jogoo wake yeye, atamlipa siku nyingine. Senje alikataa. "Nilimwahidi huyu, mbele ya watu. Sitamdanganya na mwingine. Zimebaki siku kumi, atakaa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu si mgeni, ni mtoto wa nyumba. Siku kumi ni nini?" Akapika kunde, akazitia maziwa na chumvi ya kienyeji, akazipika upya mpaka zikalainika kabisa, kwa sababu Nekesa alizipenda hivyo tangu utotoni. Akatoa sahani za kabatini, zile za maua. Nilidhani, nikimwona akikoroga, kwamba mtu yeyote angeonja upendo humo.

Nekesa alikula polepole. Mlango wa uani ulikuwa wazi na kuku wa madoadoa alipita nje, kichwa juu, mzima kabisa, akaingia kwenye banda. Nilimwona Nekesa akimtazama mpaka alipopotea. Akatazama sahani yake. Senje alikuwa ameinama akitafuta chumvi ambayo ilikuwa mezani. "Kunde ni tamu," Nekesa alisema, na sauti yake ilikuwa ya mgeni. Baadaye alipewa kochi, kwa kuwa kitanda chake nilikuwa nalala mimi. Ningeweza kumwachia. Nilifikiria jambo hilo nikaliacha lipite.

Asubuhi nilimkuta kwenye mfereji akiosha miguu, viatu viko kando. Senje alikuwa ameenda kuchukua maziwa. Kuku alikuwa karibu yake akidonoa. "Huyu bado yuko," Nekesa alisema. "Yuko." "Ananenepa tu. Niambie ukweli, dada, wewe uko naye kila siku. Mama alisema kitu? Huyu anawekewa nani sasa?" Alinitazama usoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakulala kwenye kochi lile. Sentensi moja ingetosha. Alikuwa mgonjwa, amepigwa sindano, haliwi mpaka siku kumi ziishe. Lakini Nekesa angeuliza, alikuwa na nini? Naye ndiye aliyefagia uzi kila jioni hata akiwa na homa. Miaka yote nimejitetea kwamba Senje alikuwa amenikataza. Si kweli. Niliogopa kuonekana, na kuna kipande cha moyo wangu, nakichukia mpaka leo, kilichokipenda kile kitanda na ile sauti ya Senje akiniita mimi. "Sijui," nilisema.

Alivaa viatu. Senje aliporudi na maziwa alikuta kochi limetandikwa vizuri, blanketi limekunjwa. "Ameenda wapi?" "Amesema anarudi kazini." Senje alikaa kwenye kiti cha mashine na chupa ya maziwa mapajani. Nilingoja aseme nimkimbilie. Alisema tu, "Hata chai?" Na mimi, mwenye miguu mizima, sikukimbia.

Aliendelea kukata misalaba. Ndilo jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu. Siku ya tano, ya sita, ya saba, kila asubuhi, kana kwamba Nekesa yuko ndani ya nyumba amelala. Siku ya kumi na nne alitia maji motoni, sufuria kubwa, ile ya kunyonyolea. Maji yalichemka. Alikaa akiyatazama, mara kwa mara akitega sikio upande wa geti. Ilipofika saa sita akachota kikombe kimoja akatia majani ya chai, yaliyobaki akaniambia niyafulie. Kuku wa Nekesa aliishi miaka mingine mitatu akafa kwa uzee, na Senje alimzika kwenye shimo la kweli, akiwa amemfunga ndani ya mkono wa sweta ambao haukuwa na mwenzake. Nekesa na mama yake walikuja kuzungumza kwenye simu, Krismasi na Pasaka, habari za mvua na magoti. Hakulala tena ndani ya nyumba hii mpaka wiki ya matanga.

Ile chai niliyoiendea ilichemka ikamwagika, nikarudi chumbani nikiwa na vikombe viwili. Nekesa alikuwa bado amekaa kitandani, kalenda kwenye paja, akipitisha kidole juu ya misalaba. Nilimweleza yote. Nilianza na benchi la barazani na uzi niliousukuma kwa mguu, kwa sababu nilijua nikianza kwingine nitaruka hapo. Nilimweleza wembe, kibunda, nyasi niliyoibuni, sindano, siku kumi na nne, kunde, maji yaliyochemka bure. Nilipofika pale kwenye mfereji nilishindwa, nikarudia neno lile lile, nilisema sijui, nilisema sijui. Nilitaka anipige. Chai yake ilifanya utando.

"Siku ile nilikaa hapo mjini, steji ya gari za Naivasha, mpaka saa saba," alisema mwishowe. "Gari zinajaa zinaenda. Nilikuwa naangalia barabara ya huku. Nilisema, hata akimtuma tu dada." Aliukunja ukurasa mara moja, mara mbili, akafuata mikunjo ile ile ya mama yake. "Zilikuwa zimebaki kumi?"

"Kumi."

"Kumi tu," alisema. "Si ningengoja. Hata kwa hiyo kochi, ningengoja."